Kuwapiga picha pomboo wa Kizimkazi: boti kwanza, kamera baadaye

Picha nyingi za pomboo zinazopigwa Kizimkazi, kijiji cha kusini-magharibi mwa Unguja, zinafanana: pezi linaloondoka, povu, na nyuma yake boti mbili tatu zenye watalii waliosimama. Aliyepiga hulaumu lenzi, hulaumu simu, pengine huwalaumu pomboo wenyewe. Kosa limo kwenye boti. Boti inayofukuza hukaa nyuma, na aliye nyuma hupata mgongo na mkia. Picha ya jicho, au ya mama na mtoto wakipumua pamoja, hutoka kwenye boti iliyotangulia mbele kwa upole, ikazima mashine, ikangoja. Mambo ya kamera yatakuja, ila yangoje zamu yao.

Walioko majini

Bahari ya kusini-magharibi ya Unguja imo ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai, lililotangazwa mwaka 1997. Humo zinaishi aina mbili za pomboo mwaka mzima. Utakayemuona karibu kila safari, kwa jina la kitaalamu, ni Tursiops aduncus: kijivu, urefu wa mita mbili na nusu hivi, pezi la mgongo limepinda kwa nyuma, na wakubwa wana madoadoa tumboni. Huyu amezoea boti, na mara nyingine huja mwenyewe kuchungulia.

Wa pili ni Sousa plumbea. Ana nundu mgongoni, na pezi lake dogo limekaa juu ya nundu hiyo. Huchomoza pua kwanza kwa mshazari, kisha nundu, kisha basi. Makundi yake ni madogo na boti haipendi. Usipange safari kwa ajili yake. Ukimpata, piga papo hapo ulipo na usisogee hata kidogo, kwani ukisogea tu amehama.

Kati ya Julai na Oktoba nyangumi wenye nundu hupita kwenye bahari hii kuja kuzaa maeneo ya joto. Wakitokea, kila kitu kilichoandikwa hapa chini kuhusu umbali kizidishe mara mbili au zaidi.

Inafaa pia kujua kwamba hadi katikati ya miaka ya tisini pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakivuliwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Utalii wa kuwatazama ulipoanza mwanzoni mwa miaka hiyo ndio uliogeuza hesabu: pomboo aliye hai akawa na faida kuliko aliye kwenye ndoana. Manahodha watu wazima wa leo wanaijua habari hiyo vizuri kuliko mgeni yeyote, na ndiyo inayorahisisha mazungumzo yanayofuata.

Upepo, maji na jua

Kaskazi linapovuma, Disemba hadi Machi, kisiwa chenyewe hukinga upande huu na bahari huwa laini. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi huja kutoka kusini moja kwa moja. Picha bado zinawezekana, ila uende alfajiri kabla upepo haujaamka, na ukubali kurudi mikono mitupu siku nyingine. Nyakati za maleleji, pepo zinapobadilishana, hasa Novemba mvua za vuli zinapoachia nafasi, na tena mwezi wa Machi kabla ya masika, bahari huweza kuwa kama sahani. Siku ya namna hiyo pezi huonekana kutoka mbali, na kila mduara unaoachwa majini husomeka.

Maji kujaa na kupwa huamua mambo mawili: utapandaje boti, na maji yatakuwa safi kiasi gani. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baada yake, maji ya Unguja hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Ukitoka saa kumi na mbili unapanda karibu na nchi. Ukirudi saa nne boti inatia nanga mbali, nawe unatembea kwenye matope, mawe na fungu za mwani ukiwa umebeba kamera. Hapo ndipo kamera nyingi hufia, si baharini. Funga kila kitu ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla hujashuka, vaa viatu vya kamba vinavyoshika mguu, na mikono yako yote miwili iwe huru. Maji yanayokupwa pia hubeba tope la mikoko ya ghuba. Yanayojaa huleta maji ya bahari kuu yaliyo safi zaidi. Kwa picha za juu ya maji jambo hili halina uzito, ila kwa zile za ndani ya maji ndilo linaloamua kila kitu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo ni mepesi: asubuhi ya saa nne maji yamejaa, unashuka karibu na mchanga.

Jua ndilo wengi hawalifikirii. Pwani ya Kizimkazi inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua hutoka nyuma ya kijiji na mwanga huenda kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Ukitaka pomboo aliyeangazwa vizuri usoni, boti yako iwe kati ya pwani na pomboo, wewe ukiipa pwani mgongo. Ukitaka picha ya aina nyingine, ile ya pumzi inayong'aa kama vumbi la dhahabu, fanya kinyume: pita upande wa bahari kuu, elekeza lenzi pwani, jua likiwa bado chini na miti ya ufukweni ikiwa giza nyuma ya pomboo. Mwanga wa namna hiyo hauzidi saa moja na nusu asubuhi. Baada ya saa tatu na nusu jua limepanda, kivuli kinaanguka chini ya pomboo, maji yanametameta, na kilichobaki ni kutazama kwa macho. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapopita karibu utosini wakati wa adhuhuri, dirisha hilo hujifunga mapema zaidi.

Kutoka Mjini Unguja ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Ukilala Mjini na kutegemea daladala hutaiwahi alfajiri. Lala Kizimkazi Dimbani au Mkunguni.

Kuzungumza na nahodha

Mazungumzo haya yafanyike jioni ya kuamkia safari, ufukweni, kwa utulivu, baada ya salamu kamili. Usiyafanye baharini mashine ikiunguruma na boti nne nyingine zikikimbilia kundi moja. Hapo nahodha atafanya alichozoea, nacho ni kukimbia, kwa sababu abiria wengi humlipa ili wafike haraka na waruke majini.

Mwambie wazi kwamba hutaki kuogelea na pomboo na hutaki kufukuza. Manahodha wengi hufurahi, kwani mafuta hayateketei. Kisha kubalianeni haya:

- Kuondoka saa kumi na mbili kamili, kabla ya magari ya wageni kutoka hoteli za kaskazini na mashariki kufika.
- Wakionekana pomboo, boti ipunguze mwendo ikiwa bado mbali, mita mia mbili hivi, isogee kwa ubavu wa kundi, isipite katikati wala isije kwa nyuma.
- Boti ikae sambamba na kundi kwa umbali wa mita hamsini, itangulie polepole, kisha izime mashine mbele ya njia yao. Pomboo wakitaka kusogea, watasogea wao.
- Zikishafika boti mbili kwenye kundi moja, ya kwenu iondoke ikatafute jingine. Na nusu saa kwa kundi moja inatosha.
- Kundi lenye mtoto mchanga, au linaloibuka polepole wote kwa pamoja bila kwenda popote, liachwe. Hilo limelala.

Hiyo ya mwisho si huruma tupu. Utafiti uliofanywa Kizimkazi umeonyesha kwamba boti za watalii zikizidi, pomboo hupunguza kupumzika na kula, na muda wao mwingi huishia safarini. Pomboo wa safarini ndiye yule yule wa mgongo na mkia. Aliyeshiba na kupumzika ndiye anayeruka na kuja kuichungulia boti.

Kodi boti peke yako, au mgawane gharama na wenzako wawili watatu wenye nia moja. Boti ya faiba inayobeba watu kumi, ikiwa na wapiga picha watatu, kila mmoja anapata nafasi ya kugeuka. Boti yenye wapiga picha wawili na familia ya waogeleaji italeta ugomvi kabla ya saa mbili. Angalia pia turubai la kivuli: nguzo zake hukata picha. Omba likunjwe asubuhi, lirudishwe jua likichoma. Ada ya hifadhi ilipwe na risiti uipokee mkononi. Mwezi wa Ramadhani nahodha amefunga. Toka mapema, rudi mapema, na usile mbele yake.

Vifaa vinavyotosha

Bodi moja ya kamera na lenzi moja ya zumu. Lenzi ya 100–400 mm ndiyo inayofaa kuliko zote. Ya 70–300 inafanya kazi nzuri na ni nyepesi. Lenzi nzito ya 600 ni mzigo wa bure hapa, kwani pomboo akija mita kumi hutampata mzima ndani ya fremu, na mkono utachoka kabla saa moja haijaisha. Usibadilishe lenzi baharini. Tone moja la maji ya chumvi ndani ya kamera lina gharama kuliko safari nzima. Ukiwa na bodi ya pili, itie lenzi fupi, 24–70 au inayokaribia hapo, kwa ajili ya pomboo anayekuja ubavuni pa boti.

Stendi iache nyumbani. Boti inatikisika, stendi inatikisika nayo.

Kinga ya maji: mfuko mkavu wa kukunja mdomo, lita kumi au kumi na tano, na kifuniko cha mvua cha kamera. Mifuko ya plastiki ya kawaida imepigwa marufuku Zanzibar, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kuvalisha kamera mfuko wa dukani usiuje nao. Kofia ya plastiki ya kuogea, zile zinazowekwa kwenye bafu za hoteli, inafunika bodi ya kamera vizuri wakati wa kusafiri na kutolewa kwa sekunde moja. Ongeza vitambaa vitatu laini: kimoja kikavu cha lenzi, kimoja cha kulowesha kwa maji baridi, cha tatu cha mikono na uso. Chupa ndogo ya maji matamu kwa ajili ya kitambaa, isichanganywe na ya kunywa. Betri mbili, kadi mbili.

Droni haifai kuibeba bila kibali. Na hata kibali kikiwepo, sauti yake juu ya kundi lililopumzika huharibu yale yote uliyokubaliana na nahodha.

Kama umelala chumba chenye kiyoyozi, toa begi la kamera nje nusu saa kabla ya kuondoka, ukiwa hujalifungua. Kioo baridi kikikutana na hewa ya alfajiri ya Kizimkazi hufanya ukungu papo hapo, na ukungu ulioingia ndani ya lenzi haufutiki kwa kitambaa. Utakaa dakika ishirini ukiutazama huku pomboo wanapita.

Mipangilio ya kamera

Pomboo anapotoka majini haonekani zaidi ya sekunde moja. Mipangilio yote iwe tayari kabla hujaondoka ufukweni.

Spidi ya shata ndiyo ya kwanza: 1/1600 kwa anayepumua tu, 1/2500 kwa anayeruka. Ukishuka chini ya 1/1000, matone ya maji hugeuka mistari na jicho hupotea. Tundu la lenzi liwe f/5.6 alfajiri, f/8 mwanga ukiongezeka. F/8 inakupa nafasi ya kukosea fokasi kidogo, na utakosea. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, iache ijipange yenyewe, ukomo uwe 3200. Saa kumi na mbili na nusu itapanda juu, na chengachenga kidogo kwenye picha si kitu mbele ya picha iliyotetereka.

Fokasi iwe ile ya kufuatilia mfululizo, na eneo lake liwe dogo la katikati. Eneo pana linaipa kamera ruhusa ya kushika chochote, nayo hupenda mawimbi ya mbele kwa sababu yana mng'ao. Kama lenzi ina swichi ya kuzuia masafa ya karibu, iwashe, ili isipoteze muda kutafuta kitu kilichoko mita mbili. Hamishia kazi ya fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha kamera: dole gumba linafokasi, kidole cha shahada kinapiga. Kisha fokasi kwenye maji mahali walipoibuka mara ya mwisho, uachie, ungoje. Atakapotokea, kamera itakuwa na masahihisho madogo tu ya kufanya.

Kutuliza mtikisiko kwa lenzi hakuna faida kwenye spidi ya 1/2000. Lenzi nyingine hata huchelewesha fremu ya kwanza. Zima kipengele hicho.

Mwanga unahitaji akili kidogo. Bahari yenye mng'ao huidanganya kamera, ikatia giza, na pomboo akawa kivuli cheusi. Bahari ya bluu iliyoiva, jua likiwa nyuma yako, huifanya ing'arishe kupita kiasi, na povu jeupe likaungua. Dawa ni moja: kabla ya kuwakuta, piga picha ya maji upande utakaokuwa unapiga, tazama onyo la weupe unaomemeteka kwenye kioo, kisha fidia mwanga kwa mpangilio wa +/− wa kamera. Maji ya kung'aa, ongeza +0.7. Maji meusi, punguza −0.3. Picha ya pumzi dhidi ya jua, punguza hadi −1, la sivyo mvuke utapotea. Piga faili za RAW, yaani ghafi zisizopunguzwa na kamera, kama kamera inaweza; kivuli cha tumbo la pomboo kinarudishika, povu lililoungua halirudi.

Filta ya polaraiza? Alfajiri hapana, inakunyima karibu nusu ya mwanga na zaidi. Baada ya saa tatu inasaidia: ukitazama maji kwa mshazari huku jua likiwa ubavuni, inaondoa mng'ao wa juu na mwili wa pomboo chini ya maji unajitokeza. 

Kuwasoma

Kabla ya mapezi, tafuta ndege. Membe na shakwe wakizunguka na kujipiga majini, chini kuna dagaa au vibua wanaosukumwa juu, na mara nyingi anayewasukuma ni pomboo au jodari. Boti isiingie kwenye mduara huo. Ikiingia samaki hutawanyika na karamu imekwisha kwa wote. Kaa pembeni upande unaotoka upepo, ili upepo ukusogeze kidogo kidogo mashine ikiwa imezimwa.

Kundi likiwa safarini, pomboo mmoja huibuka mara tatu au nne kwa vipindi vifupi, kisha hukunja mgongo juu zaidi ya mara zilizotangulia. Mkunjo huo ni taarifa: anazama kwa muda. Mkia ukitoka, utatoka hapo. Baada yake shusha kamera, pumzisha mikono, hesabu. Ukishahesabu vipindi viwili vitatu utajua kundi hili linakaa chini kwa muda gani, na kwa kawaida litaendelea na mwendo ule ule mradi boti isiwasumbue. Juu ya maji huacha doa la maji laini lisilo na viwimbi, kila mkia unapopiga chini. Madoa hayo yakifuatana yanakuchorea njia. Elekeza lenzi mita tatu nne mbele ya doa la mwisho, si juu yake.

Sikiliza pia. Pumzi ya pomboo inasikika wazi mashine ikizimwa, na mara nyingi anayepumua nyuma yako ndiye aliye karibu kuliko yule unayemlenga.

Anayeruka mara moja huwa na tabia ya kurudia. Ya kwanza iache ipite, maana huwezi kuiwahi. Ipe macho tu, ujue ameangukia upande gani. Hapo hapo inua kamera, punguza zumu hadi 200 mm hivi, uache nafasi pana angani, na ukiona maji yanavimba bonyeza usiachie. Wanaopiga kwa 400 mm huishia na pomboo asiye na kichwa.

Mkao: kaa, usisimame. Keti upande wa omo, yaani mbele ya boti, magoti yameinuka, viwiko juu ya magoti. Usiegemeze lenzi kwenye ubao wa boti mashine ikiwa inanguruma, mtetemo wake huingia kwenye picha hata kwa spidi kubwa. Kadiri kamera inavyokaribia usawa wa maji, ndivyo pomboo anavyoonekana mkubwa na pwani inavyoonekana nyuma yake. Ukipiga kutoka juu unapata mgongo juu ya rangi ya bluu, hakuna mahali. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe lote likiwa limefungwa, na mkanda wa kamera upite shingoni na chini ya kwapa. Tazama upeo wa macho kila dakika chache: bahari iliyolala upande mmoja ndiyo kasoro inayoonekana haraka kuliko zote, hasa nyuma kukiwa na ufukwe.

Ukiwa na simu tu

Usizidishe zumu kupita ile ya lenzi yenyewe, mara mbili au tatu kwa simu nyingi. Zaidi ya hapo simu inakata picha na kuipanua, hakuna inachokiona zaidi. Badala ya kubahatisha kitufe, rekodi video ya 4K kwa fremu 60, kisha nyumbani toa fremu iliyo bora. Bonyeza kwa muda juu ya maji mpaka fokasi na mwanga vijifunge, telezesha mwanga chini kidogo ili povu lisiungue. Futa kioo cha lenzi mara kwa mara; alama ya kidole yenye chumvi hufanya kila kitu kiwe na utando. Simu iwe na kamba ya shingoni. Mifuko ya plastiki ya uwazi inayoning'inizwa huikinga, ila hutia ukungu kwenye jua na picha hupoteza ukali, kwa hiyo itumie wakati wa kusafiri, utoe simu wakati wa kupiga.

Kwa simu, picha bora mara nyingi si ya pomboo peke yake. Nahodha kwenye tezi, nyuma ya boti, akitazama mbali, omo la boti, na mapezi mawili madogo mbele yake: hiyo simu inaiweza vizuri. Muombe nahodha ruhusa kabla, na akinamama wa mwani ufukweni vivyo hivyo. Akisema hapana, ni hapana.

Ndani ya maji bila kuingia

Kuruka majini na kamera juu ya njia ya pomboo ndiko kunakowafanya wazame na kuondoka. Wanaoruka hupata picha ya mapovu na ya miguu ya mwenzao. Njia yenye tija ni kamera ndogo isiyoingia maji kwenye mti wa mita mbili, ikishushwa ubavuni pa boti, na hii ni pale tu mashine imezimwa, panga la mashine limesimama, na pomboo wamekuja wenyewe. Iweke nusu mita hadi mita moja chini, ielekee mbele na juu kidogo, irekodi mfululizo. Funga mti kwa kamba kwenye boti. Maji yakiwa na tope la kupwa, usihangaike. Chembe zinazoelea zitaonekana kama mvua. Rangi nyekundu ndiyo inayopotea mwanzo ndani ya maji, kwa hiyo picha zikitoka za kijani, rekebisha mizani ya weupe baadaye kwenye kompyuta, usiongeze rangi kwa nguvu.

Picha ya pezi

Hii haina urembo, na ndiyo yenye faida ya muda mrefu. Ukingo wa nyuma wa pezi la mgongo la kila pomboo mkubwa una mikato na kovu zake, zinazotokana na ugomvi wao kwa wao, na nyingine na nyavu za jarife. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa alama hizo. Ili picha ifae: pezi lipigwe kwa ubavu kabisa, si kwa mshazari, lijaze angalau robo ya upana wa fremu, liwe kali ukingoni, na kama unaweza, pande zote mbili za pomboo huyo huyo. Jua likiwa nyuma yako ndipo mikato inasomeka. Andika tarehe, saa, mahali kwa GPS ya simu, idadi ya kundi na kama kuna mtoto. Weka saa ya kamera na ya simu ziwe sawa kabla ya kuondoka, vinginevyo mahali na picha havitalingana. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko hapa Zanzibar, ndiyo ya kuulizwa kama unazo nyingi na zenye taarifa kamili. Pezi lenye uzi wa jarife lililonasa bado, lipige pande zote na umuoneshe nahodha papo hapo, ili kamati ya uvuvi ya kijiji ipate habari siku hiyo hiyo.

Chumvi

Ukifika nchi kavu usikimbilie kutazama picha. Kamera ikiwa bado imefungwa, lowesha kitambaa kwa maji matamu, ukikamue mpaka kisichuruzike, pangusa bodi na lenzi yote, vitufe, mguu wa lenzi, mkanda. Usipanguse chumvi iliyokauka kwa kitambaa kikavu: punje zake hukwaruza kioo na kuingia kwenye mianya. Pangusa tena kwa kitambaa kikavu, kisha iache kivulini penye upepo saa moja kabla ya kufungua mlango wa kadi au betri. Usiikaushe juani. Kamera ya ndani ya maji iloweke kwenye ndoo ya maji matamu nusu saa ikiwa imefungwa, ukibonyeza vitufe vyake ili chumvi itoke, na ukague mpira wa mlango: unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuingiza maji safari ijayo.

Nakili kadi mahali pawili jioni hiyo. Kisha futa bila huruma zile za mikia mitupu, ila zile za mapezi ziache, hata kama hazikupendezi.